Fundi Ajibu: "Bwana na mtumwa" kwenye manuali, tubadilishe au tuache?

Safari hii sanduku la maswali limejaa kitu kimoja. Watengeneza chipu na miradi ya programu huria wamekuwa wakiondoa maneno yanayokumbusha utumwa au ubaguzi wa rangi, kama master na slave (bwana na mtumwa), blacklist na whitelist (orodha nyeusi na orodha nyeupe), kwenye dokumentesheni zao, na nyie mnaoziandika au mnaozitegemea kazini mnataka kujua mfanyeje. Nimechukua haya sita, mengi yaliyobaki yanafanana nayo, kwa hiyo usijali ukiona lako halipo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi naandika manuali za bodi ndogo za elektroniki, sensa na moduli zake. Bosi kaleta orodha ya maneno yasiyotakiwa, kasema yasionekane tena. Shida ni kwamba kwenye ubao wenyewe pini zimechapwa MOSI na MISO (master out slave in, na master in slave out), rejista za chipu zina majina yaleyale ya zamani, halafu mteja akisoma datashiti ya mtengenezaji anakuta jina moja na kwangu anakuta jingine. Naanzia wapi, maana naona tunamchanganya mtu bure.

JIBU: Salama mkuu. Bosi wako hajakosea, ila kukupa orodha tupu bila maelekezo ni kukutupia mzigo, maana hapo kuna vitu vitatu na kila kimoja kina dawa yake: maelezo unayoandika mwenyewe, majina yaliyochapwa kwenye ubao, na majina yaliyo ndani ya chipu.

Maelezo ni yako, yabadilishe hata leo. Kwenye I2C, njia ya waya mbili ya chipu kuwasiliana, wala usihangaike kubuni, kampuni ya NXP ndo wenye spesifikesheni na walishabadilisha kwenye toleo la 7 la Oktoba 2021, sasa ni controller na target, yaani kidhibiti na kifaa lengwa. I3C, mrithi wake kutoka shirika la MIPI, nayo hivyohivyo. Tatizo liko kwenye SPI, njia nyingine ya kuunganisha chipu, ile yenye MOSI na MISO, kwa sababu hiyo haina mwenyewe, ilianzia Motorola ikasambaa bila shirika lolote la viwango kuishika, kwa hiyo kila mtu na lake: Open Source Hardware Association walipendekeza controller na peripheral, Arduino wanaandika COPI na CIPO (controller out peripheral in, na controller in peripheral out), wengine PICO na POCI, na wapo waliobakiza MOSI na MISO vilevile wakabadilisha kirefu chake tu. Chagua moja uishike manuali zote. Mimi ningechukua COPI na CIPO, kwa sababu herufi zinakaa kwenye mpangilio ambao mtu wa MOSI na MISO ameshauzoea, kidhibiti kinatoa, kifaa cha pembeni kinapokea, basi.

Ila kuwa makini na SDO na SDI (serial data out, serial data in), wengi wanakimbilia hayo wakidhani ndo salama zaidi. MOSI inaungwa na MOSI, waya mmoja jina moja pande zote mbili. SDO ni "data inayotoka" kwa mtazamo wa chipu husika, kwa hiyo SDO ya huku inaenda SDI ya kule. Ukibadilisha maneno kwenye jedwali la kuunganisha waya bila kugeuza upande mmoja, mteja ataunga SDO na SDO, akae mchana kutwa anatafuta kwa nini sensa haijibu. Kwa hiyo ukitumia hayo chora na mchoro, usimwachie jedwali peke yake.

Majina ya kwenye ubao yaache mpaka toleo linalofuata la ubao, lakini kwenye manuali andika yote mawili mahali pale pa kuunga waya. Kitu kama hiki: "Unganisha COPI ya kidhibiti na pini iliyoandikwa MOSI kwenye moduli." Mtu ana ubao mkononi, anatafuta maandishi anayoyaona kwa macho, asipoyakuta kwenye ukurasa wako atafunga manuali. Mwanzoni kabisa weka jedwali dogo, jina jipya kushoto, la zamani kulia.

Majina ya rejista, ya bendera (flags), ya fankisheni kwenye laibrari, hayo usiguse hata herufi, hata kama yana neno ambalo bosi kalikataza. Mtu atayakopi kama yalivyo na kompaila haina huruma. Linux wenyewe walipoweka mwongozo wao wa majina Julai 2020 waliacha milango miwili wazi: majina ambayo tayari programu za nje zinayategemea, na majina yanayotakiwa na spesifikesheni za vifaa au protokali zilizokuwepo mwaka huo. Mwonyeshe bosi hicho kipengele, atakuelewa.

Jambo la mwisho kwako. Usitafute neno moja la kuziba kila pengo. Bluetooth tangu 2021 wanasema central na peripheral, AXI ya Arm, basi (bus) ya kupitisha data ndani ya chipu, inasema manager na subordinate, saa za mtandao za IEEE 1588 zikapewa timeTransmitter na timeReceiver kwenye nyongeza ya 2022. Fuata neno la mwenye spesifikesheni, hata kama kwenye manuali moja utakuwa na jozi tatu tofauti, maana hizo jozi hazielezi uhusiano uleule.

SWALI: Fundi mimi ni mtu mweusi, nimesoma hizo datashiti miaka yote na sijawahi kuumia moyo kwa sababu ya hard disk. Hii si ni fasheni ya 2020 tu ya makampuni kutaka kuonekana wema? Nani hasa alilalamika?

JIBU: Swali zuri na hauko peke yako, nimepata barua kama nne za namna hii na moja ilikuwa na hasira kweli.

Kuhusu nani alilalamika, mfano unaojulikana ni wa 2003. Mfanyakazi wa Kaunti ya Los Angeles aliona mashine ya kanda za video imebandikwa maandishi master na slave, akapeleka malalamiko kwenye ofisi ya kaunti inayoshughulikia ubaguzi, na Novemba mwaka huo kaunti ikawaandikia wanaoiuzia vifaa iwaombe waangalie maneno kwenye bidhaa zao. Watu walicheka sana wakati ule. Baadaye miradi ya programu ya Drupal na Django ikabadilisha 2014, Redis na Python 2018. Kwa hiyo 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, huko Minneapolis, ndo mwaka kampuni kubwa zilipoingia kwa kishindo, lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshatembea.

Na hayo maneno si ya kale kama tunavyodhani. Mwanazuoni Ron Eglash aliyeyafuatilia alikuta mfano wa mapema wa 1904, mtaalamu wa nyota David Gill akieleza saa mbili za kituo cha Cape Town, moja inaiendesha nyingine. Utumwa ulikuwa umefutwa hapohapo Cape 1834, yaani miaka 70 tu nyuma, kwa hiyo usiniambie aliyelitumia hakujua anachokisema.

Sasa kama wewe halikuumizi, sawa, hakuna anayekulazimisha uumie. Ila mi ningekuomba uliangalie kama mtu wa ufundi. Chukua I2C. Huyo anayeitwa mtumwa akiwa hajamaliza kazi yake anaushikilia waya wa SCL, ule wa saa, uwe chini, na anayeitwa bwana hana la kufanya, anasubiri tu mpaka aachiwe. Hilo liko kwenye spesifikesheni, ni kitu cha kawaida kabisa. Ukija kwenye databesi, seva ya pili inaweza kupandishwa kuwa ya kwanza usiku mmoja na ile ya kwanza ikirudi inaifuata. Kwenye diski za ATA, zile za kebo pana za kompyuta za zamani, ndo kichekesho zaidi, diski mbili kwenye kebo moja hamna inayoitawala mwenzake, na kiwango chenyewe kiliziita kifaa 0 na kifaa 1 zamani, watu wa mtaani ndo walibaki na bwana na mtumwa. Picha iliyomo kwenye hilo neno inamdanganya mwanafunzi kuhusu nani anafanya nini. Orodha nyeusi na nyeupe hivyohivyo, mgeni lazima aambiwe ipi inaruhusu na ipi inakataza, wakati orodha ya ruhusa inajieleza. Kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, NCSC, kilihamia huko 2020.

Na hapo kwenye makampuni kujipendekeza sikupingi. Kubadilisha neno ni rahisi kuliko kuajiri watu na kuwalipa sawa, na kuna waliofanya la kwanza wakatangaza kama wamefanya la pili. Lakini hilo ni deni lao, halifanyi datashiti iliyoandikwa vibaya iwe nzuri.

SWALI: Salama fundi? Tumehama databesi yetu kutoka MySQL 8.0 kwenda 8.4 na skripti yetu inayoangalia kama seva ya pili imebaki nyuma ikawa inasema kila kitu kiko sawa muda wote, kumbe haisomi chochote. START SLAVE nayo inatupa kosa la sintaksi. Inarudishwaje?

JIBU: Hairudishwi. Toleo la 8.4 la Aprili 2024 limeziondoa hizo komandi moja kwa moja. Sasa seva ya kwanza ni source na ya pili ni replica, kwa hiyo ni START REPLICA na STOP REPLICA, CHANGE MASTER TO imekuwa CHANGE REPLICATION SOURCE TO, na hizi mbili zinawasahaulisha wengi: SHOW MASTER STATUS ni SHOW BINARY LOG STATUS, RESET MASTER ni RESET BINARY LOGS AND GTIDS. Hiyo ya mwisho inafuta vitu, usiijaribu kwa kuonja.

Skripti yenu bila shaka ilikuwa inatafuta mstari wa Seconds_Behind_Master. Kwenye SHOW REPLICA STATUS huo mstari unaitwa Seconds_Behind_Source, na zile mbili za kuonyesha kama nyuzi (threads) za kunakili data zinakimbia ni Replica_IO_Running na Replica_SQL_Running. Badilisha hayo majina, lakini niambie kitu kimoja, kwa nini skripti ikikosa jibu inasema salama? Hiyo ingewaumiza tu siku moja hata kama MySQL wasingebadilisha neno lolote. Ikisoma patupu ipige kelele.

Nawatetea kidogo hao MySQL. Walitangaza Julai 2020, majina mapya ya kwanza yakaanza kufanya kazi kwenye 8.0.22 Oktoba ya mwaka huo, ya zamani yakaendelea kukubalika huku yakitoa onyo, na hayakuondolewa mpaka 2024. Kwa komandi nyingi, zaidi ya miaka mitatu majina yote mawili yalikaa nyumba moja. Mnaoandika dokumentesheni za zana zenu igeni huo mpangilio, na kila mnapotaja jina jipya andikeni limeanza toleo gani, kwa sababu msomaji wenu hajui kama yeye yuko kabla au baada. Redis, databesi nyingine, wao wamechagua kutovunja: REPLICAOF iliingia toleo la 5, SLAVEOF ikaachwa inafanya kazi, na ukiomba INFO bado unaletewa connected_slaves kwa sababu kuna programu nyingi huko nje zinasoma huo mstari. Haipendezi machoni lakini hakuna aliyeamshwa usiku.

Na msije mkaandika source na replica kwenye kurasa za databesi ya PostgreSQL, wale wana primary na standby.

SWALI: Fundi nimepewa kazi ya kusafisha maneno kwenye kodi na dokumentesheni zote za kampuni, ripo (hifadhi za kodi) ni nyingi. Nikifanya tafuta na badilisha kwa mkupuo mmoja kuna ubaya gani? Ni maneno tu.

JIBU: Dada au kaka, shusha mkono kwenye kibodi kwanza.

Nikupe kisa ambacho wahusika wenyewe walikieleza hadharani. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine (klasta), ilikuwa inabandika lebo kwenye nodi, yaani mashine, zinazoendesha klasta, node-role.kubernetes.io/master. Toleo la 1.20 wakaanza kubandika na ya pili, control-plane, wakasema ya kwanza itaondoka, na 1.24 ya 2022 ikaiondoa kweli. Wakapita watu wengi salama. Tarehe 14 Machi 2023 Reddit, tovuti ya majadiliano, wakapandisha klasta moja ya zamani kutoka 1.23 kwenda 1.24, na mtandao wote wa ndani ya klasta ukakatika. Kumbe miaka ya nyuma kuna mtu alisanidi Calico, ambayo ndo inabeba njia za mtandao hapo, kwamba visambaza-njia vyake ni nodi zenye lebo ya master. Lebo ikapotea, sharti halikupata nodi hata moja, njia zikafutika. Huo mpangilio haukuwa kwenye kodi waliyokuwa wakiipitia, ulikuwa umewekwa kwa mkono ndani ya klasta. Reddit ikawa chini dakika 314, wakalazimika kurudisha klasta kutoka kwenye bekapu.

Ona hapo, hakuna aliyefanya ujinga. Waliobadilisha jina walitoa onyo na muda, waliopandisha toleo walikuwa wamejiandaa, ila jina lilikuwa limeshageuka kuwa waya. Neno lililo kwenye aya ya maelezo halimfungi mtu, neno ambalo mashine inalisoma ili iamue kitu ni sehemu ya mashine. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote jiulize nani analisoma, mtu au programu, na kama ni programu, je, programu zote zinazolisoma unazijua?

Kazi yako igawe hivi. Aya za maelezo, maoni ndani ya kodi na vichwa vya kurasa pitia kwa zana, Vale ni nzuri kwa sababu unaipa orodha yako na mbadala wake na inakuonyesha mstari kwa mstari badala ya kubadilisha kimyakimya. Majina ya ndani ya fankisheni ambayo hayatoki nje ya ripo moja, badilisha na uendeshe majaribio. Majina yanayotoka nje, yaani funguo za faili la mipangilio, anwani za API, safu za databesi, lebo, matukio kwenye logi, hapo ongeza jipya, liache la zamani lifanye kazi na litoe onyo, ndipo upange tarehe. Logi usizidharau, kuna mtu mahali fulani kaweka alamu juu ya sentensi yako.

Na uangalie maneno yanayobeba herufi zilezile. Mkupuo mmoja utabadilisha Mastercard kwenye ukurasa wa malipo, utageuza anwani ya postmaster ambayo barua pepe zinaihitaji, na utaharibu nukuu za watu wengine, na nukuu haiguswi. Viungo vya kwenda kurasa za nje navyo vitakufa ukibadilisha herufi ndani ya anwani.

SWALI: Tawi kuu la git letu (zana ya kutunza historia ya kodi) bado linaitwa master. Tukilibadilisha kuwa main tutapoteza historia?

JIBU: Hupotezi kitu, tawi ni kibandiko tu juu ya komiti (commit), yaani badiliko lililohifadhiwa. GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripo, wanaanza na main kwenye ripo mpya tangu tarehe 1 Oktoba 2020, na git yenyewe tangu 2.28 inakuruhusu kuchagua jina kwa init.defaultBranch. Ukibadilisha kupitia mipangilio ya GitHub viungo vya zamani vinaelekezwa vyenyewe na maombi ya kuunganisha yaliyo wazi yanahamia tawi jipya. Kwenye mashine ya kila mtu ni git branch -m master main halafu git fetch na git branch -u origin/main main, ukimaliza git remote set-head origin -a. Kinachovunjika ni pembeni: faili za CI (majaribio yanayojiendesha) zilizoandika jina la tawi, skripti za kupeleka seva, na beji kwenye README. Tafuta hizo kabla, na fanyeni siku ambayo wenzako wako kazini.

SWALI: Na haya mengine, sanity check, dummy, plagi dume na jike, yote tunaondoa? Mwisho tutakosa maneno.

JIBU: Hamtakosa. Sanity check andika unachokagua hasa, mfano "hakiki kwamba faili si tupu", utaona sentensi imepata kazi ya kufanya. Dummy ni thamani ya mfano au kishika nafasi. Mashambulizi ya man in the middle wengi sasa wanayaita ya aliye njiani, sioni hasara. Lakini kill na abort kama ni jina la komandi au ishara ya mfumo wa uendeshaji acha, huwezi kumwelekeza mtu afunge programu kwa komandi isiyokuwepo, ila kwenye maelezo yako andika simamisha.

Dume na jike ndo ningehangaika nayo, na hata si kwa sababu ya adabu. Angalia viunganishi vya antena, SMA na RP-SMA. SMA dume ina nyuzi za ndani na sindano katikati. RP-SMA dume ina nyuzi za ndani vilevile lakini katikati ni tundu, sindano imehamia kwa jike. Sasa mtu anasoma "dume" kwenye manuali, ananunua, anafunga SMA jike kwenye RP-SMA dume, nyuzi zinaingia vizuri kabisa, inakaza, na katikati ni tundu kwa tundu, hakuna kinachogusana, redio inapata ishara kidogo mno anailaumu antena. Andika "nyuzi za ndani, sindano katikati" au "nyuzi za nje, tundu katikati", weka na picha ya kwa mbele. Kwenye orodha ya vipuri acha pia jina la zamani mahali pa kutafutia, kwa sababu muuzaji bado kaandika dume na jike kwenye katalogi yake na mteja wako atahitaji kukipata.